Oili Lazima Ilale Siku Tatu

Texas nzima, kuanzia Garland tunakoishi hadi Pearland anakoishi baba mkwe wangu, hakuna Mswahili anayeijua gia boksi kunishinda mimi, Hudhaifa. Nifunge macho kwa kitambaa, nitie tone moja la oili kwenye kidole, nami nitakwambia limetoka gari gani, limetembea maili ngapi, na mwenye gari anapatana vipi na mkewe.

Baba mkwe nimemwita kwa kutanguliza heshima tu. Hajawa. Na kwa yaliyotokea Jumamosi ile, nikimwona leo dukani nitajificha nyuma ya magunia ya mchele.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Niko kwenye gereji ya Bwana Tharcisse kule Mesquite, Mkongo wa makamo mwenye mikono kama koleo, bingwa wa gia boksi asiye na mfano. Huu ni mwezi wangu wa tano hapo. Nafagia. Naosha trei za oili. Nafuata vipuri dukani, nikiwa na kikaratasi alichoniandikia mwenyewe ili nisikosee. Na kwa kuwa Kiingereza chake kimejaa Kifaransa, simu za wateja napokea mimi. Hata Jumamosi gereji ikifungwa, simu ya gereji inaelekezwa kwangu, mteja asije akapotea. Spana nilishikishwa mara moja. Nikaambiwa niirudishe nilipoitoa.

Sasa, Desemba iliyopita nilikwenda arusini Houston, nikakutana na Nawal. Anafanya kazi hospitalini, kwenye mashine za kuwapumulisha wagonjwa. Akaniuliza, "Na wewe, kazi yako?"

Mtu mwenye akili angesema, "Niko gereji." Mimi nikasema, "Mtaalamu wa gia boksi."

"Ah! Basi tunafanana," akasema. "Mimi mapafu ya watu, wewe mapafu ya magari."

Gia boksi si mapafu ya gari, hata mfagiaji anajua. Lakini msichana akishakutazama kwa macho yale, utamsahihisha? Nilikubali. Nikaongeza kwamba huko Dallas magari hunisubiri kwa foleni.

Mambo yakaenda mbio, mpaka Ami Abdulsalam, ndugu wa marehemu baba yangu ninayeishi kwake, akapiga simu Pearland kupeleka neno la posa. Baba yake Nawal, Mzee Abdulhafidh, ana duka la mazulia na udi. Alijibu kistaarabu kwamba amesikia, na kwamba atauliza. Kwetu pwani kijana hapewi mke kwa sura. Huuliziwa: anaswali? anavuta? anafanya kazi kweli au anashinda barazani? Na wa kuulizwa ni jirani, imamu na tajiri wake wa kazi.

Jumatano moja nilikuwa nafagia, simu ya gereji ikalia. Nikaipokea.

"Assalamu alaykum. Namtaka mwenye gereji, Bwana Tharcisse. Ninaitwa Abdulhafidh, niko Pearland. Kuna kijana hapo kwake nataka kumuulizia."

Bwana Tharcisse alikuwa chini ya lori, miguu yake naiona. Hatua kumi tu. Ningeweza kumwita. Wallahi ningeweza.

"Allô, oui," nikasema, nikaikoroga sauti ikawa ya mtu wa makamo aliyekula sana ugali wa muhogo. "Njo mimi, Tharcisse. Hudhaifa? Oh, papa! Ule kijana iko mukono yangu ya kuume. Bila yeye, gereji inafungwa."

"Maashallah. Na tabia?"

"Tabia? Papa, kama niko na binti, minamupa leo."

Nilipokata simu nilikuwa nusu na hofu, nusu nimeguswa. Hakuna aliyewahi kunisifu vizuri namna ile.

Basi Jumamosi moja ya Februari, Ami Abdulsalam akanivalisha kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, tukateremka Houston. Ami ni dereva wa lori. Maneno yake machache na yote ni ya barabarani. Tulipofika Corsicana alisema, "Ukiulizwa, jibu fupi." Tulipopita Huntsville akasema, "Fupi zaidi."

Tukapokelewa vizuri. Sisi wanaume tulikaa sebuleni. Wanawake wako ndani, mlango umerudishwa nusu, na ile nusu iliyobaki ilikuwa na macho. Sinia la pilau likaja, likashambuliwa, likaondoka. Kisha Mzee Abdulhafidh akafuta ndevu zake, akanigeukia.

"Mwanangu, nimekuulizia. Tajiri wako amekusifu hata nikashangaa."

"Ananipenda tu, mzee," nikasema. Hapo hata sikudanganya.

"Sasa mimi nina haja. Gari la Nawal linavuja. Doa lipo pale mbele ya nyumba, na chama cha wenye nyumba wa mtaa huu kimeshaniandikia barua mbili, utafikiri nimezika mtu. Fundi mmoja akaniambia ni gia boksi. Na Nawal Jumatatu alfajiri anaingia zamu. Nikasema, kwa nini nihangaike na mafundi, na fundi anakuja mwenyewe kula pilau yangu?"

Ami Abdulsalam alinitazama. Anajua vizuri nafanya nini Mesquite. Macho yake yalisema: jibu fupi. Nalo lilikuwepo, fupi kabisa: sijui. Herufi tano.

"Dakika ishirini," nikasema.

"Subiri wakuletee nguo za kuchafua."

"Mzee, fundi wa kweli hachafuki."

Nilitoka na kanzu yangu. Gari lilikuwa juani mbele ya mlango wa gereji ya nyumba, na chini yake kidimbwi. Nikachutama, nikachovya kidole, nikanusa, nikakunja uso kama daktari. Nawal alikuwa amesimama mlangoni, buibui lake kichwani, mikono kifuani.

"Inasemaje?"

"Kiu," nikasema. "Gia boksi ina kiu. Tukanunue oili."

Kwenda na msichana dukani peke yetu haiwezekani, kwa hiyo tulifuatana na Bi Khairiya, mamake Mzee Abdulhafidh. Bibi huyu ana goti bovu, tasbihi ndefu, na mdomo ambao haujapata kuugua. Alipenda kukaa kiti cha nyuma: pale kuna jua la kumkanda goti, na vioo ni vyeusi, yeye anaona watu na watu hawamwoni.

Nawal aliendesha. Mimi mbele, nimenyooka kama mwiko.

"Hudhaifa," Bibi akaita kutoka nyuma, "wewe mtoto wa nani Mombasa?"

"Wa Kibokoni, Bibi."

"Kibokoni gani? Babu yako hakuwa yule aliyekuwa akiuza saa zisizotembea?"

"Zilikuwa zikitembea, Bibi. Polepole."

Nawal aliuma mdomo asicheke.

Dukani ndipo nilipokiona kiyama. Kwetu Mombasa oili ya gia ni nyekundu, basi. Unakwenda kwa muuzaji, unasema "nipe nyekundu," anakupa, inaingia kwenye gia, inaingia kwenye usukani, na ikibaki unapaka bawaba ya mlango. Hapa palikuwa na ukuta mzima. Nyekundu, kijani, buluu, ya rangi ya asali. Chupa zina herufi na namba kama hesabu za Kidato cha Nne, nami hesabu nilipata D ya huruma. Niliutia mkono mfukoni kutafuta kikaratasi cha Bwana Tharcisse. Mfukoni mlikuwa na tende moja.

Nawal alikuja nyuma yangu na kitabu cha gari, amekitoa kwenye droo ya mbele. "Hapa wameandika aina yake. Halafu chini wanasema ukitia nyingine, gia boksi inakufa."

"Vitabu hivi huandikwa na wauza oili."

"Kwa hiyo wewe unachaguaje?"

"Kwa uzoefu." Nikanyanyua chupa nyekundu, yenye picha ya gari la mashindano linalotoa moto nyuma. Ilikuwa nzuri sana ile picha.

Nawal aliitazama chupa, akanitazama mimi. "Mgonjwa wangu akitaka oksijeni, simpi soda kwa sababu chupa inapendeza."

"Wewe niachie mimi."

"Haya. Nimekuachia," akasema, kwa sauti ambayo nikiikumbuka sasa naona ilikuwa na maana mbili au tatu.

Tuliporudi, Nawal akaingia ndani kusaidia chai. Alimfungulia bibi yake mlango, Bibi akasema, "Niache, jua limeshika goti vizuri. Nitashuka nikitaka." Mimi wakati huo nilikuwa natafuta boksi la kulalia, na kichwani mwangu Bibi alikuwa ameshashuka, ameshaingia, ameshapewa kahawa. Hili ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, na nilikuwa na mengi ya kushindana nalo.

Nikatandika boksi, nikajisukuma chini ya gari kwa mgongo. Tone likanidondokea usoni, kwa adabu, katikati ya paji. Nikafuta mafuta kwa kitambaa kama nilivyomwona Bwana Tharcisse akifanya, ili nijue linatoka wapi hasa, na kweli nikaona: pale ekseli ya gurudumu inapoingia kwenye gia boksi, kwenye sili, ile pete ya mpira ya kuzuia oili. Nilifurahi mpaka nikagonga kichwa. Nimegundua kitu! Mimi!

Basi ningeishia hapo. Lakini nikakumbuka dawa ya nyumbani. Tangi la gari likitoboka njiani kuelekea Malindi, fundi wa kwetu hufanya nini? Hupaka sabuni ya kipande, gari likafika. Nikaenda mlangoni, nikamwomba Nawal sabuni. Akaniletea mche mmoja wa buluu, umefungwa kwenye mfuko kama dhahabu.

"Ya Bibi hii, imetoka Kongowea. Ndio mche wa mwisho. Ukimaliza kunawa, uurudishe."

Kunawa! Nilirudi chini ya gari, nikaifinyanga, nikaibandika kuzunguka sili yote. Uvujaji ukakoma. Kwamba gari lilikuwa limezimwa na oili iliyokuwa ya kudondoka imeshadondokea kanzu yangu, hilo halikunijia.

Sasa kutia oili. Nikafungua boneti, nikatafuta kile kijiti cha kupimia oili ya gia. Nikapata cha injini. Nikatafuta cha gia. Nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto, nikasoma Ayatul Kursi, nikatafuta tena. Hakuna. Jasho likanitoka mwezi wa Februari.

Nikampigia Bwana Tharcisse. Mikono ina mafuta, kwa hiyo nikaweka simu juu ya paa la gari, kwa sauti ya nje.

"Bwana Tharcisse, kijiti cha gia cha gari hili kiko wapi?" Nikamtajia gari.

"Haiko," akasema.

"Haiko wapi?"

"Haiko, haiko. Ile gari haina kijiti. Oili inapimwa kwa chini, gari iko juu ya mashini, iko moto. Weye petit, uko wapi? Uko nafanya nini?"

"Niko kwa wakwe. Inavuja kwenye sili ya ekseli. Nimeziba kwa sabuni."

Kisha nikasikia kicheko kinaanza mbali, kama treni.

"Sabuni! Hudhaifa, sabuni ni ya shati! Oili ikipata moto, sabuni inakuwa mchuzi. Sikia. Ile sili lazima ekseli itoke, tunaweka ingine mupya, tunaweka oili yenye kitabu inasema. Rangi si kitu, namba njo kitu. Weye umenunua gani?"

"Nyekundu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Usitie! Hata tone! Ile si kazi ya kanzu. Ingia ndani, ambia papa ya mutoto ukweli: mimi nafagia, ninajifunza. Hakuna haya kwa kujifunza. Siku moja utajua."

"Bwana Tharcisse, nikisema hivyo nimekwisha. Wanaamini mimi ndiye mkono wako wa kuume."

"Nani aliwaambia?"

Nikakata simu, nikaitumbukiza mfukoni.

Nilisimama pale na chupa yangu. Oili nisingeitia, ahadi ya Mungu. Nawal angekwama katikati ya barabara kuu Jumatatu alfajiri, malori yakimpita kushoto na kulia. Lakini chupa iliyojaa nayo ni shahidi. Kando ya gari, karibu na mlango wa nyuma, palikuwa na debe la plastiki la kumwagilia maua. Nikaimimina oili yote humo, taratibu, gari la mashindano likaelekea chini mpaka tone la mwisho. Nikalisukuma debe nyuma ya waridi. Nikajisemea kwa sauti, maana nilihitaji mtu wa kunitia moyo, "Hudhaifa, wewe ni mshenzi, lakini una akili."

Nikaingia ndani. Ami Abdulsalam aliinua macho kutoka kwenye kikombe, akaiangalia kanzu yake. "Umechinja?"

"Kazi imekwisha," nikatangaza, chupa tupu mkononi. "Uvujaji umekoma. Ila oili mpya, mzee, lazima ilale siku tatu. Gari lisiguswe mpaka Jumatano. Hata kuwashwa."

"Oili hulala?" Nawal akauliza kutoka nyuma ya mlango.

"Hizi za kisasa, ndiyo. Inabidi izoee."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: Jumatatu nampigia magoti Bwana Tharcisse, Jumanne tunateremka naye na sili mpya, nasema amekuja kunisalimia tu.

Mzee Abdulhafidh akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi Nawal nitampeleka mimi kazini siku hizo mbili. Abdulsalam, ndugu yangu, mimi sina la zaidi. Kijana nimemwona kwa macho. Binti nimeshamuuliza, hakukataa. Tusomeni Fatiha, tulifunge neno."

Fatiha! Ikisomwa hiyo, posa imekubaliwa, arusi ni tarehe tu. Tukainua mikono. Ami Abdulsalam aliinua yake kama mtu anayesalimu amri. Mimi yangu ilikuwa myekundu mpaka vifundoni.

"Bismillahi…" Mzee akaanza.

"Ngojeni kwanza," sauti ikasema mlango wa mbele.

Bi Khairiya aliingia akichechemea, mkono mmoja umeshika tasbihi, wa pili umeshika debe la kumwagilia maua. Alilitua juu ya meza, katikati ya vikombe. Sote tukachungulia. Ndani palikuwa pekundu na panang'aa.

"Mama, ulikuwa wapi?" Mzee akauliza.

"Garini, nakanda goti. Hapana raha kama kiti kile." Akanigeukia. "Hudhaifa mwanangu, nina maswali. Waridi siku hizi hunyweshwa oili ya gia boksi?"

"Bibi, hiyo… hiyo ni iliyobaki."

"Iliyobaki imejaa namna hii, iliyotumika ilikuwa kiasi gani? Na sabuni yangu ya Kongowea, hiyo nayo inalala siku tatu?"

Nyuma ya mlango kikasikika kitu kama mtu aliyejiziba mdomo kwa mto.

Hapo ndipo palipokuwa mlango wangu wa mwisho wa kutokea. Ningesema ukweli. Ni kama Bwana Tharcisse alikuwa ameshaniandikia kikaratasi chenyewe, neno kwa neno: mimi nafagia, ninajifunza. Lakini ulimi wangu umezaliwa Kibokoni, kwa babu aliyeuza saa zisizotembea.

"Mzee," nikasema, "Bibi kaona juu juu tu. Kazi hizi zina siri zake. Tajiri wangu mwenyewe si alikuambia? Mkono wake wa kuume!"

Bi Khairiya akaketi, akakunja tasbihi kiganjani. "Huyo tajiri nimemsikia leo, alikuwa juu ya paa, juu ya kichwa changu. Mtu mzuri. Ana kicheko kizuri. Abdulhafidh, yule uliyezungumza naye wewe alikuwa akicheka vipi?"

Mzee Abdulhafidh alifikiri. Aliteremsha mikono yake polepole, akaiweka magotini. "Yule hakucheka. Yule alisema kama ana binti angempa."

"Basi na Fatiha nayo tuiache ilale siku tatu," Bibi akasema. "Izoee."

"Hapana, hebu tumalize leo," Mzee akasema, akatoa simu yake. "Namba ya gereji ninayo. Ni haki ya kijana, huenda tunamdhulumu. Nimuulize mwenyewe tena."

"Leo Jumamosi, mzee!" nikaruka. "Gereji imefungwa! Hakuna wa kupokea!"

"Si vibaya kujaribu," akasema, akabonyeza, akaiweka simu sikioni.

Ami Abdulsalam akafumba macho. Halafu, ndani ya mfuko wa kanzu, pale ilipokuwa ile tende moja, simu yangu ikaanza kulia.

Ililia mara moja. Ikalia mara ya pili. Mlango wa ndani ukafunguka wote, Nawal akatokeza uso, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Pokea, baba," Bi Khairiya akaniambia kwa upole. "Usimweke mwanangu akingoja. Na ujibu kwa ile sauti ya Kikongo, nasi tuisikie."